Mwambieni mteja kadi yake inafanya nini

Mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya benki moja hapa Dar es Salaam. Mbele yangu alisimama mama mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo, anajiandaa kwenda Guangzhou kufuata mzigo. Alipofika kwa dada wa huduma kwa wateja akaweka vipeperushi viwili mezani na kuuliza: naenda Guangzhou, China; kati ya kadi hizi, ipi itanifaa kule? Dada akamjibu, “Mama, zote ni kadi tu, tofauti ni makato ya mwaka. Chukua hii ya Gold, ndiyo wanayochukua wafanyabiashara.” Mama akashukuru, akasaini.

Jibu lile limenikaa kooni mpaka leo. Yule mama aliuliza swali sahihi, mahali sahihi, kwa mtu anayelipwa mshahara kulijibu, akaondoka akiwa hajui zaidi ya alivyojua alipokuja. Na si kweli kwamba zote ni kadi tu.

Kitu cha kwanza cha kutazama kwenye kadi ni ile alama ndogo ya pembeni, maana ndiyo inayotaja mtandao wa malipo. Kadi yenye alama ya Umoja peke yake inakutolea pesa kwenye ATM za benki wanachama wa Umoja hapa nchini. Ukishavuka mpaka usiitegemee. Visa na Mastercard zinavuka mipaka. UnionPay, iliyoanzishwa China mwaka 2002, ndiyo kadi ya nyumbani kule anakokwenda yule mama. Hata ukifunika alama kwa kidole, namba zitakwambia: inayoanza na 4 ni Visa, inayoanza na 62 ni UnionPay, na Mastercard nyingi zinaanza na 5. Maneno kama Classic, Gold au Platinum yanahusu mambo mengine, yaani ukomo wa kutoa kwa siku, makato, na pengine kukaribishwa kwenye ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege. Hayakwambii kama muuzaji wa Guangzhou ataipokea kadi yako.

Na muuzaji wa Guangzhou ndiye mwenye neno la mwisho. Katika masoko yale ya jumla watu wamezoea kulipwa kwa simu, Alipay au WeChat, na penye mashine ya kadi mara nyingi inayosomwa bila shida ni UnionPay. Visa utaitumia kwenye hoteli kubwa na kwenye ATM za benki kubwa, lakini kwenye kibanda cha vitambaa usishangae ukitingishiwa kichwa. Nakubali kwamba tangu mwaka 2023 mgeni anaweza kuunganisha Visa au Mastercard yake na Alipay au WeChat Pay, na adha imepungua. Ila kuunganisha huko kunataka kadi iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, na mara nyingi benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya Tanzania. Kama laini haijaunganishwa kutumika nje ya nchi, ile namba haikufikii, na malipo hayapiti. Mtu amesimama mbele ya mzigo alioufuata maelfu ya kilomita, fedha anayo benki, na hawezi kuigusa. Zipo benki za hapa hapa nchini zinazotoa UnionPay. Ilikuwa ni kumuuliza tu mama safari yake ni ya wapi, na alishaitaja mwenyewe!

Hapo ndipo ninapokasirika zaidi, kwenye hili la kadi kufunguliwa au kufungwa. Benki nyingi humkabidhi mteja kadi ikiwa imezuiwa kulipia mtandaoni, na nyingine huzuia matumizi ya nje ya nchi mpaka mteja aombe. Sababu yenyewe ni nzuri. Wizi wa mtandaoni upo, na afadhali kadi ikae imefungwa kuliko mshahara wa mtu kuyeyuka usiku mmoja. Kosa ni kumfungia mtu mlango bila kumwambia kwamba mlango upo. Mpwa wangu alikuwa analipia ada ya maombi ya chuo cha nje, siku ya mwisho, usiku. Kadi ni Visa, salio linatosha, namba zote ameandika sawasawa, na kila akibonyeza anaambiwa malipo yamekataliwa. Akadhani tovuti ya chuo ni mbovu. Akadhani amekosea zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Akampigia mama yake akilia. Kulipokucha huduma kwa wateja ikampa jibu la sentensi moja: kadi yako haijafunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, njoo tawini ujaze fomu. Kadi hiyo alikuwa nayo tangu kidato cha sita, na siku anapewa aliambiwa abadilishe namba ya siri, basi.

Huyu ni kijana aliyesoma. Sasa mfikirie mstaafu wa Songea, au mvuvi wa Kilwa aliyefungua akaunti kwa sababu chama chake kimeambiwa malipo yatapitia benki.

Wapo wasiojua hata fedha inatoka wapi kadi inapochanjwa. Kadi ya debiti inachota kwenye akaunti yako mwenyewe. Kadi ya mkopo inatumia fedha ya benki, utairudisha baadaye pamoja na riba ukichelewa. Tofauti hii inauma pale hoteli au kampuni ya kukodisha magari inapotaka dhamana. Rafiki yangu alifikia hoteli moja Dubai, wakashikilia dhamana kwenye kadi yake ya debiti. Aliondoka hadaiwi hata senti, lakini fedha ile ilikaa siku kadhaa bila kurudi kwenye salio, na ndiyo fedha aliyopanga kununulia bidhaa. Angekuwa na kadi ya mkopo, kingeshikiliwa kipande cha ukomo aliopewa na benki, na fedha yake ingebaki kazini. Mwenye kadi ya debiti anatakiwa kulijua hilo kabla hajapanda ndege.

Kwa manunuzi ya mtandaoni mimi nashauri kadi ya kulipia kabla. Unaweka kiasi unachotaka kutumia, na mwizi akiipata anakutana na hicho hicho.

Na kama bado una kadi ya zamani yenye mstari mweusi wa sumaku peke yake, bila chipu, yaani kile kipande kidogo cha mraba cha rangi ya dhahabu mbele, kaibadilishe wiki hii. Mstari ule umebeba taarifa zile zile kila siku. Anayezinakili mara moja anaweza kutengeneza kadi nyingine. Chipu inatengeneza msimbo mpya kwa kila muamala, hivyo aliyenasa msimbo wa jana hana cha kufanya nao leo. Mastercard wenyewe walitangaza mwaka 2021 kwamba wanauondoa mstari huo polepole, na ifikapo 2033 hakuna kadi yao ya debiti wala ya mkopo itakayokuwa nao.

Najua nitaambiwa nisiwaonee wafanyakazi wa kaunta. Foleni ni ndefu, wamewekewa malengo ya mauzo, na pengine yule dada naye hakufundishwa. Sawa. Basi lawama ziende juu, kwa waliopanga kwamba kadi ihesabiwe kama mauzo na maelezo yahesabiwe kama kupoteza muda. Tunazo Kanuni za Benki Kuu za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, na zinamtaka mtoa huduma amweleze mteja masharti na gharama kabla hajamfunga kwenye mkataba. Karatasi ya kurasa nyingi yenye maandishi kama chawa, iliyosainiwa huku watu ishirini wanasubiri nyuma, haijamweleza mtu chochote.

Nitaambiwa pia kwamba kadi zimepitwa, kila kitu ni simu. Kwa nauli na soko la Buguruni, ndiyo. Lakini tazameni Kenya: mwaka 2022 Safaricom walipotaka wateja wa M-Pesa waweze kulipa ughaibuni, waliwapa kadi ya Visa isiyoshikika, namba tupu ndani ya simu. Kadi haikufa, imehamia kwenye simu. Na maswali ni yale yale: ni ya mtandao gani, inafika wapi, ukomo wake ni kiasi gani.

Ninachodai hakihitaji bajeti. Mteja anapofungua akaunti aulizwe utatumia wapi, ndani au nje, dukani au mtandaoni, halafu apewe kadi inayolingana na jibu lake. Aoneshwe alama kwa kidole. Aambiwe kilichofungwa, na namna ya kukifungua akiwa nyumbani kwa simu yake, siyo kwa fomu ya tawini. Aelezwe makato ya ATM ya benki nyingine na ya nje kwa shilingi, maana asilimia haimwambii kitu mtu aliye mbele ya mashine. Na akienda nje, aambiwe kwamba mashine ikimuuliza alipe kwa fedha ya nyumbani au ya kule, achague ya kule, kwa sababu akichagua ya nyumbani mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha.

Kwa waliokwisha kupewa kadi, benki zina namba zetu zote za simu. Kila sikukuu wanatutakia heri, kila wiki wanatuletea promosheni ya kushinda bodaboda. Watume ujumbe mmoja kwa Kiswahili: kadi yako ni ya mtandao fulani, imefunguliwa kwa hiki, imefungwa kwa kile, ukomo wako kwa siku ni kiasi hiki, ukitaka kubadilisha bonyeza hapa. Taarifa hizo zote wanazo kwenye kompyuta zao tangu siku kadi ilipotengenezwa.