Valvu Iwe Juu

Waendesha baiskeli wa milimani hawawezi kumwona mwenzao ana shida wakanyamaza. Mkifika kileleni, mapafu yanataka kutokea puani, na bado yupo mtu mwenye pumzi ya kukuambia kiti chako kimeshuka. Wakimaliza baiskeli wanahamia nyumbani kwako. Bomba la jikoni linavuja? Kata kipande cha tyubu kuukuu, kivute, ukizungushe. Meza inayumba? Tyubu. Mfuniko wa pipa la taka unapeperushwa? Tyubu hiyohiyo.

Na cha kuudhi ni kwamba wako sahihi. Mlango wa chumba cha watoto ulikuwa unalia, nikaambiwa nitie tone la mafuta ya mnyororo kwenye bawaba. Nikatia, ukanyamaza kabisa. Kumbe ule mlio ndio uliokuwa mlinzi wetu. Sasa mtoto mdogo anatoka chumbani alfajiri bila kusikika na kuja kunifumbua macho kwa vidole. Nikaambiwa pia kwamba hakuna kifaa cha kusugua gia za nyuma kinachoushinda mswaki uliochakaa. Ni kweli tupu. Ila siku hizi nyumbani kwetu kila mtu anaficha mswaki wake.

Bingwa wetu wa ushauri tunamwita Profesa. Ukimlalamikia breki zinazopiga kelele, kwanza anakurudisha California mwaka 1976, kwa wale vijana wa Marin walioshindana kushuka mlima kwa baiskeli nzee zenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Breki ilipata moto hadi grisi ya ndani ya kitovu cha gurudumu ikageuka moshi, na wakifika chini inabidi wafungue kitovu na kupakia grisi upya. Ndiyo maana mashindano yakaitwa Repack, yaani kupakia tena. Hadithi ni ya kweli, na Profesa anaisimulia vizuri mno. Ukimaliza kuisikia, breki zako bado zinapiga kelele.

Sasa, mimi nilikuwa nimechoka na pancha. Kwenye njia za mawe, tyubu ikibanwa kati ya jiwe na ringi inatoboka matundu mawili sambamba, kana kwamba imeumwa na nyoka, na unabaki umechuchumaa njiani na pampu ya mkononi huku wenzako wamekuzunguka wakikushauri. Profesa akaniambia dawa ni kutupa tyubu. Tairi liwe tyubulesi: linakaa moja kwa moja kwenye ringi, ndani unaweka maziwa, ule ute mweupe wenye mpira wa maji. Mwiba ukipita, upepo unayasukuma maziwa kwenye tundu, yanaganda hapohapo, wewe unaendelea na safari. Mililita 100 hivi zinatosha tairi moja. Unaweza hata kupunguza upepo hadi psi 25 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) au chini kidogo, tairi likashika ardhi vizuri, kwa sababu hakuna tyubu ya kuumwa.

“Kazi iko kwenye kulikalisha,” akasema. “Kingo za tairi lazima ziruke zikae kwenye kingo za ringi, na zinataka upepo mwingi kwa mpigo mmoja. Nitakuazima pampu yangu yenye tangi. Jaza tangi hadi psi 120, halafu fungulia. Ukisikia mishindo miwili, ujue tayari. Na uchomoe moyo wa valvu, kile kijipini cha ndani, ili upepo upite bila kizuizi.”

“Nifanyie wapi?”

“Bafuni. Yakimwagika, maji tu.”

Mzee mmoja, dereva mstaafu ambaye huongea kwa nadra, akaongeza: “Vaa miwani.” Hilo ndilo neno pekee katika mkutano ule ninalolishukuru hadi leo.

Wiki hiyohiyo mke wangu alikuwa na shida yake. Tulikuwa na harusi, na gauni lake lilikuwa la kitambaa kisichotaka pasi. Akamuuliza dada mmoja wa kundi letu, muuguzi, ambaye huzikunja nguo zake za baiskeli ndani ya begi zikawa donge na bado akatokea nadhifu. Dada yule akamwambia: “Wifi, litundike bafuni, fungulia maji ya moto, funga mlango. Mvuke utalinyoosha lenyewe.” Ushauri safi kabisa. Hata mimi nimeufuata kwa shati.

Basi ushauri wangu na ushauri wa mke wangu vikakutana bafuni Jumamosi asubuhi.

Gauni lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango, limenyooka, linasubiri jioni. Nilipoingia na gurudumu nikaufunga mlango ili mtoto asije kuchezea chupa ya maziwa, kwa hiyo gauni likawa mgongoni kwangu na sikuliona. Nilikuwa nimevaa miwani ya baiskeli. Nikayaweka maziwa ndani ya tairi, nikazipaka kingo maji ya sabuni ziteleze, nikachomoa moyo wa valvu, nikakaza mpira wa pampu. Gurudumu nimeliegemeza ukutani. Valvu ilikuwa chini, karibu na sakafu, kwa sababu huko ndiko mpira wa pampu ulikofika.

Nikapampu tangi hadi mshale ukafika alipotaka Profesa. Nikafungulia.

Tairi lilivuta pumzi. Likavimba, likakoroma, kisha: Paa! Nikashtuka. Paa! ya pili. Bafuni kote ni vigae, na sauti kwenye vigae haina pa kwenda ila masikioni mwako. Mke wangu akapiga kelele sebuleni, mlango ukasukumwa, nikageuka, na mkono ulioshika mpira wa pampu ukageuka nami. Mpira ukachomoka.

Naomba msomaji alitazame gurudumu hili kwa makini kidogo. Maziwa yote yametuama chini. Valvu nayo iko chini, imeelekea juu, tundu lake liko wazi, maana moyo wake uko mfukoni mwangu. Na ndani kuna upepo wa kutosha kuyarusha popote yanapotaka kwenda.

Yalitaka kwenda darini. Ulipanda mshale mweupe, ukapiga dari, ukarudi umegawanyika. Nikafanya ambalo mkono wowote ungefanya: nikaziba tundu kwa kidole. Kidole hakizibi kitu chenye hasira namna ile, kinakisambaza tu. Mshale ukawa feni. Kioo, pazia, taulo, miswaki yote iliyofichwa kwa uangalifu nyuma ya kikombe, uso wangu, na, kupitia upenyo wa mlango uliokuwa unafunguka, mkono wa kushoto wa gauni.

Binti yangu ndiye aliyeingia. Akanitazama, akatoka mbio.

“Mama! Baba amepasuka!”

Mke wangu alipofika hakusema neno. Alinitazama mimi, akatazama dari, akafunga mlango taratibu ili aone nyuma yake, akaliona gauni. Hapo ndipo alipoongea, na aliyoyasema hayahusu baiskeli.

Mikono yangu ilikuwa inanata, kwa hiyo simu alishika yeye, akaweka sauti kubwa. Tukampigia Profesa kwanza, kwani dawa ilikuwa yake.

“Shemeji, msiguse chochote!” akasema. “Yaacheni yakauke. Yakikauka yanabanduka yenyewe, vipande vizima, wala hayaachi alama.”

Tukampigia muuguzi. “Maji baridi! Sasa hivi! Yakikauka hayatoki tena maisha!”

Mzee dereva akapiga mwenyewe, maana habari zilikwisha mfikia. “Mafuta ya kula. Paka taratibu, subiri, futa.” Akakata.

Baadaye, nilipotulia, nilikuja kuona kwamba wote watatu walikuwa sahihi. Vigae na kioo unaviacha vikauke, utando wote wa mpira unabanduliwa kwa ukucha. Kitambaa kinataka maji baridi mbichi-mbichi, kabla mpira haujashikana na nyuzi. Nywele zinataka mafuta. Lakini hakuna aliyeuliza “Yamemwagikia wapi?” na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwambia. Kila mmoja alijibu swali lake mwenyewe, tukabaki na tiba tatu na wagonjwa watatu, bila maelezo ya nani anameza nini.

Mke wangu, ambaye akili yake haitikisiki, alichukua maji baridi akakimbia na gauni. Binti yangu aliposikia neno mafuta akaenda jikoni, akarudi na chupa, akaanza kupaka kioo kwa bidii yote. Nikabaki mimi na ushauri wa Profesa. Nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, nikasubiri kukauka.

Yale maziwa yametengenezwa yagande haraka. Nililithibitisha hilo. Kwanza uso ukahisi baridi, halafu ukaanza kuvutwa, halafu nikajaribu kutabasamu nikashindwa. Miwani ilikuwa imefunikwa yote, kwa hiyo macho yalikuwa salama, Mungu ambariki yule mzee. Lakini miwani huishia mahali, na juu ya pale inapoishia, binadamu ameumbiwa nyusi. Mpira ulikuwa umeanzia kwenye fremu ukapanda hadi kwenye paji la uso kwa ngozi moja nyeupe, nzuri, isiyo na mshono.

“Umekauka?” mke wangu aliuliza mlangoni.

Nikatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa mdomo ulikuwa na mipaka.

Akashika miwani kwa mikono miwili. Nitasema hivi tu kuhusu Profesa: alituahidi vipande vizima, na kikatoka kipande kizima. Nyusi ya kulia ilikuwa ndani yake, imepangika vilevile ilivyokuwa imeota, unaweza kuihesabu unywele kwa unywele. Binti yangu aliomba apewe aipeleke shule.

Gauni lilipona. Lilibaki doa dogo karibu na kiwiko, mke wangu akalifunika kwa ua la kitambaa, na wageni wakamsifu kwa ubunifu. Mimi nilisifiwa kidogo tu. Kabla ya kutoka alinikalisha kitini, akachukua wanja, akanichorea nyusi ya kulia. Alichora vizuri, tatizo ni kwamba aliichora akiwa bado na hasira, kwa hiyo ikawa imeinuka. Jioni nzima nilionekana mtu asiyeamini anachoambiwa. Bwana harusi alipokuwa anamshukuru baba mkwe wake, macho yake yalikuja kwangu, akasita, akaanza kueleza upya. Kisha muziki ukaanza, nikacheza, jasho likatoka, na wanja ukashuka na jasho. Picha zipo. Katika za mwanzo nina mashaka, katika za katikati nina huzuni, katika za mwisho nina sharubu upande mmoja.

Bomba la bafuni nalo liliziba siku iliyofuata, kwa sababu mpira ulioshuka huko ulifanya kazi uliyotengenezewa. Nililizibua kwa waya kuukuu wa gia, nimeukunja ncha kama ndoano. Huo ni ushauri wa mzee dereva, na kwa mara ya tatu ulikuwa mzima.

Na tairi? Nikatia maziwa mengine, nikarudisha moyo wa valvu, nikajaza upepo. Limeshika hadi leo. Nimepita miiba, nimepita mawe, halipungui hata kidogo.

Tulipoenda milimani tena, mke wangu alitufuata kwa gari hadi kwenye mapumziko, akisema anataka kuwaona washauri wangu kwa macho yake. Profesa akanitazama usoni, mahali palipokuwa panaanza kuota vinyweleo.

“Valvu ilikuwa upande gani?” akauliza.

“Chini.”

“Aaa,” akasema, kwa huruma ya kitaalamu. “Valvu huwa inawekwa juu. Maziwa yanakuwa mbali nayo, upepo unatoka peke yake.”

“Mbona hukuniambia?”

“Hukuniuliza, bwana.”

Mke wangu alikuwa anamwaga chai kwenye vikombe, na alisita kidogo tu. Hapo kijana mmoja mgeni, maskini, hajui hatari, akauliza habari za mnyororo: kila akipita vumbini mafuta yanashika mchanga, gia zinasaga. Profesa akachangamka. Achana na mafuta, akamwambia, tumia nta. Osha mnyororo mpya hadi grisi ya kiwandani iishe yote, maana nta haishiki juu ya grisi. Yeyusha nta ya mishumaa kwa moto mdogo, usiiache ikatoa moshi, itashika moto. Zamisha mnyororo, utikise hadi mapovu yaishe, utoe, uning'inize upoe. Utakuwa mkavu, mchanga hauna pa kushika. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kufanya asubuhi ileile, tuuone ulivyo safi.

Tukauona. Ulikuwa safi kweli.

“Umeyeyushia kwenye nini, shemeji?” mke wangu akauliza.

“Kwenye sufuria.”

“La nani?”

“La nyumbani.”

“Na nta iliyobaki?”

“Si imo humohumo, imepoa. Nikirudi...” Profesa akanyamaza. Akatazama jua lilikofika. Kisha akatoa simu mfukoni, akasogea hadi nyuma ya gari, lakini upepo ulikuwa unavuma kuja kwetu.

“Mama watoto? Ndiyo, ni mimi. Sikiliza, usipike kwanza.”