Kura 6 kwa 6: hoja imeanguka, au mwenyekiti aamue?

Tuchukue kamati ya watu 12. Sita wanataka kiwanja cha chama kiuzwe, sita hawataki. Macho yote yanamgeukia mwenyekiti, naye tayari ni mmoja wa wale sita wanaotaka. Ananyoosha mkono mara ya pili, katibu anaandika: "7 kwa 6, hoja imepita." Jumlisha mwenyewe: kura 13, watu 12. Hesabu hiyo hukubaliwa bila mtu kukohoa, kwa kuwa katiba ya chama imempa mwenyekiti "kura ya uamuzi" juu ya ile aliyokwisha kupiga.

Katiba ya Kenya ya 2010 haimpi Spika nafasi hiyo. Ibara ya 122 inasema hana kura, na kura zikilingana hoja imeshindwa. Uganda nao wako hapo hapo. Tanzania imechagua njia ya kati: Spika hana kura ya kawaida, ila kura zikifungana anayo ya uamuzi. Angalau huko hapigi mara mbili.

Wapo wanaouona utaratibu wa Kenya kuwa ni woga, eti mkutano umekwepa kuamua. Mimi naona umeamua. Anayetaka mambo yabadilike ndiye mwenye kazi ya kupata wengi, na nusu si wengi. Akikosa, aende akawashawishi, arudi tena. Kiwanja kikishauzwa, hakuna kurudi.

Hata Uingereza, ambako Spika anapiga kura ya uamuzi, desturi iliyotokana na Spika Denison mwaka 1867 imemfunga mikono: mjadala ukiweza kuendelea auache uendelee, na asiunde wingi ambao wabunge wenyewe hawakuupata. Aprili 3, 2019, kura moja katika sakata la Brexit (Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya) ilipofungana 310 kwa 310, Spika John Bercow alikwenda na waliokataa. Kabla yake ilikuwa 1993, 317 kwa 317 juu ya pendekezo la marekebisho, na Spika Betty Boothroyd akafanya vivyo hivyo. Baadaye ikagundulika hesabu ilikosewa: marekebisho yale yalikuwa yameshindwa hata bila kura yake! Kama Spika anatumia kura yake kufika pale pale ambapo ibara ya 122 inafika bila yeye, basi kinachobaki mikononi mwake ni lawama.

Upande wa pili una hoja moja nzito, nayo iko nyumbani. Zanzibar, uchaguzi wa Januari 1961, vyama vitatu: ASP (Afro-Shirazi) viti 10, kimojawapo, cha Chake Chake, kwa tofauti ya kura moja; ZNP (Hizbu) viti 9; ZPPP (chama cha watu wa Zanzibar na Pemba) viti 3. ZPPP ikapasuka, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja. Hapo huwezi kusema hoja imeanguka, maana swali ni nani aunde serikali. Likaongezwa jimbo la 23, uchaguzi ukarudiwa Juni, na ghasia zikaua watu 68. Kwa hiyo katika kuchagua viongozi lazima pawe na njia ya kutoka, iwe kurudia kura au hata kupiga kura ya bahati. Lakini mkono wa pili wa mwenyekiti bado sioni unaingiaje.

Kinachonitia wasiwasi katika kanuni ninayoitetea ni maneno ya hoja. "Mkataba wa mhasibu uongezwe": 6 kwa 6, mhasibu anaondoka. "Mhasibu asiongezewe mkataba": 6 kwa 6, hoja imeanguka, na nusu ya kamati itatoka ikidai mhasibu amebaki. Si kweli, kwa sababu kukataa kumnyima si kumpa. Mkataba utaisha tarehe yake vile vile. Hapo ndipo ugomvi huanza, na aliyeiandika hoja kwa kukanusha alijua anachofanya. Hoja iandikwe kwa kutaja badiliko linaloombwa, na wajumbe waipate mkononi siku kadhaa kabla ya kikao, wabishane kwanza juu ya maneno yake.