Taifa Lisilo na Pasipoti

Jana jioni nilimsikia mchambuzi mmoja redioni akitamka, kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mashtaka, kwamba kila anayeipinga serikali "analihujumu taifa". Katika sentensi moja alikuwa amefunga serikali, dola na taifa kitita kimoja, na mtangazaji akamshukuru kwa ufafanuzi wake. Ufafanuzi!

Dola si kitu cha fumbo. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 uliitajia sifa nne: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Hakuna neno hata moja kuhusu kumbukumbu, lugha, wala makaburi ya mababu, kwa sababu hayo ni mambo ya taifa, na taifa halisajiliwi popote.

Anayebisha aitazame Poland. Urusi, Prussia (dola ya Kijerumani) na Austria ziligawana nchi hiyo mara tatu, mwaka 1772, 1793 (safari hiyo bila Austria) na 1795, hadi ikafutika kwenye ramani kwa miaka 123. Mtoto wa Kipolandi aliyezaliwa Warsaw katika miaka hiyo ya mwisho alikuwa chini ya mfalme wa Urusi, wa Poznań chini ya Prussia, na wa Kraków chini ya Austria. Dola tatu, lakini mama zao waliwabembeleza kwa lugha moja. Marie Skłodowska, mwanasayansi ambaye dunia inamfahamu kama Marie Curie, alizaliwa Warsaw mwaka 1867 na kusoma katika shule ambayo historia ya Poland ilifundishwa kwa siri, vitabu vikifichwa haraka kila mkaguzi wa Kirusi alipobisha hodi. Mwaka 1898, akiwa Paris, yeye na mumewe waligundua elementi mpya, nao wakaipa jina la poloniamu, kwa heshima ya nchi ambayo hakuna balozi yeyote duniani aliyeiwakilisha. Kwa mantiki ya mchambuzi wetu, yule mwalimu aliyeficha vitabu alikuwa mhujumu. Sawa, lakini alilihujumu taifa lipi?

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba mara nyingine dola ndiyo iliyolifinyanga taifa: mwaka 1789 Wafaransa wengi hawakuzungumza Kifaransa nyumbani, na ni shule na jeshi vilivyowafikisha walipo. Hata hivyo, mfinyanzi si chungu, na anayesema kwamba mfinyanzi ana mikono michafu hajakivunja chungu.

Lugha yetu nayo haina msaada mkubwa hapa. Tunasema Umoja wa Mataifa, ilhali wanachama wake wote 193 ni dola. Wakurdi, waliotawanyika Uturuki, Iraki, Irani na Syria, walifunguliwa mlango wa kujitawala na Mkataba wa Sèvres wa mwaka 1920, ambao washindi wa Vita Kuu ya Kwanza waliuandikia Milki ya Osmani, kisha ule wa Lausanne wa mwaka 1923 ukaufunga bila hata kuwataja. Mamilioni ya watu wenye lugha, historia na maombolezo yao hawana kiti katika ukumbi uliopewa jina la mataifa. Wangeandika tu "Umoja wa Dola" pale mlangoni, nami nisingekuwa na neno.