HA ya Bluu

Mtu akikwambia kazi yake ni RNA, zile nakala za muda ambazo seli huandika kutoka kwenye DNA, mpe pole kwanza, maswali yafuate baadaye. DNA ni kitu cha heshima. Mifupa iliyolala ardhini maelfu ya miaka hufukuliwa, ikasagwa, na DNA yake ikasomeka. RNA ukiipumulia vibaya, imekwenda. Na tofauti yao ni ndogo ya kuchekesha: kila sukari ya RNA imebeba atomu moja ya oksijeni ambayo sukari ya DNA haina, na hiyo moja ndiyo inayoirahisishia RNA kujikata yenyewe.

Juu ya udhaifu huo wa kuzaliwa, ina adui. Anaitwa ribonukleasi, sisi tunamwita RNasi kwa mkato. Ni kimeng'enya chenye kazi moja tu, kuikatakata RNA, na kimo kwenye jasho lako, kwenye mate yako, kwenye ngozi ya hivyo vidole unavyojikunia. Protini nyingi ukizichemsha huganda kama yai, basi, habari yake imekwisha. RNasi A, yenye asidi amino 124 zilizofungwa kwa pingu nne za salfa, ukiichemsha hujikunjua, ukiiacha ipoe hujikunja upya na kurejea kazini kama mtu aliyetoka likizo. Christian Anfinsen, Stanford Moore na William Stein walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972 kwa kuichunguza hiyo hiyo. Na kabla ya hapo Armour, kampuni ya nyama ya Marekani, ilikuwa imesafisha kilo nzima ya RNasi kutoka kongosho za ng'ombe, wanasayansi wakagawiwa. Kilo nzima! Mimi nilimalizwa na matone.

Maabara yetu ina makabila mawili. Kuna sisi wa RNA, tunaotembea kama tumebeba mayai. Na kuna watu wa plasmidi, wanaotoa vipande vya duara vya DNA kutoka kwenye bakteria. Kwao RNA ni uchafu. Wakishapasua bakteria wanataka RNA yote ife wabaki na DNA safi, kwa hiyo wanamimina RNasi kwa makusudi, tena bila hata chembe ya aibu. Profesa, kwa hekima anazozijua mwenyewe, alitupanga meza zinazopeana mgongo.

Siku moja tulipoishiwa vitu, nilijitolea kuandaa akiba ya wote. Nikagawa maji safi, yaliyothibitishwa hayana RNasi, kwenye tyubu ndogo 20, mililita moja moja. Kisha nikabadilisha glavu, nikahamia meza ya jirani na kugawa RNasi ya watu wa plasmidi kwenye tyubu sita. Tyubu zile zile, vifuniko vile vile, na yaliyomo yote ni meupe kama machozi. Lakini mimi ni mtu makini. Nilichukua maka peni nyeusi nikaandika kwa herufi kubwa. Zenye maji: HAINA RNasi. Zenye kimeng'enya: INA RNasi.

Wewe msomaji umeshaona. Mimi sikuona.

Katika maabara kila kitu kinapuliziwa ethanoli, na ethanoli haielewani na wino wa maka peni. Tena tyubu tunaishika kwa kidole gumba upande wa kushoto, pale neno linapoanzia. Baada ya wiki mbili za kutolewa kwenye friza, kupuliziwa, kufutwa na kurudishwa, baadhi ya tyubu za maji zilikuwa zimepoteza HA. Ikaja siku ya usafi. Fundi sanifu wetu, mama mtu mzima ambaye tunamwita Mama tu, na ambaye ndiye pekee anayejua kila kitu kiko wapi, akakuta tyubu nane za maji zimeandikwa INA na sita za kimeng'enya zimeandikwa INA. Akafanya ambalo angefanya yeyote aliyepita darasa la kwanza: akaziweka pamoja, kwenye kisanduku kimoja.

Mimi nikafungua kisanduku kile natafuta maji. Nikaona INA, INA, INA. Nikacheka peke yangu. "Ethanoli hii," nikasema, "imekula HA zote." Sikuuliza mtu. Nilitoa kalamu mfukoni na kuzirudishia HA zao moja baada ya nyingine, zote 14, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikaziweka na wenzake. Nakumbuka nilijisifu kidogo. Nilijiambia kuwa maabara hii bila mimi ingeoza.

Wiki hiyo nilikuwa na jaribio kubwa. Nilitaka kujua RNA-mjumbe fulani, yaani ile inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, huishi muda gani ndani ya seli. Unaizuia seli isitengeneze RNA mpya, halafu unavuna: mwanzoni kabisa, baada ya saa mbili, nne, nane, na ishirini na nne. Nilianza saa kumi na mbili jioni, hivyo hata saa ya ukutani ilikuwa upande wangu. Mavuno ya saa mbili yaliangukia saa mbili usiku, ya nne saa nne usiku, ya nane saa nane usiku, mimi na friza tukingurumiana gizani. Kila mara sahani mbili, jumla sampuli 10.

Kutoa RNA kwenyewe nakupenda. Unayeyusha seli kwenye kile kimiminika cha waridi chenye fenoli, unatia klorofomu, unatikisa, unazungusha kwenye sentrifuji dakika 15 kwa nyuzi 4. Vinatoka vimepangana kama bendera: waridi chini, utando mweupe katikati, na juu maji maangavu ambamo RNA yako imejificha. Unayanyonya kwa pipeti bila kugusa utando, roho juu. Unatia isopropanoli, unazungusha tena, na chini ya tyubu kinabaki kitone kama ute, ukikiangalia vibaya hukioni. Unakiosha kwa ethanoli ya asilimia 75 ukiomba kisiteleze kikaenda na maji ya kuoshea. Mwisho unakiyeyusha kwenye maji safi, mikrolita 30.

Nikachukua tyubu. HAINA RNasi. Nikatia.

Nikapima kwenye mashine ya mwanga. Uwiano wa nanomita 260 kwa 280: 2.0. Sampuli zote kumi! Huo ndio uwiano ambao kila mtu wa RNA huuota, maana unaonyesha RNA ni safi, haina protini. Nikapiga picha kioo cha mashine na kumtumia Profesa. Akajibu kwa kidole gumba. Kisha nikaweka sampuli kwenye jeli, ambamo umeme husukuma vipande vya RNA na vidogo hufika mbali zaidi, nikawasha umeme, nikaenda kunawa uso.

RNA nzima ikipita kwenye jeli hutoa mistari miwili mikali, ya RNA za ribosomu, vile viwanda vya protini vya seli, 28S juu na 18S chini yake, ule wa juu ukiwa mnene zaidi. Nikawasha taa. Mstari hakuna. Njia zote kumi tupu, tii, isipokuwa kiwingu cha ukungu kule mkiani kabisa, mahali yanapoishia mabaki. Siku mbili, usiku mmoja, na seli zangu zote zilikuwa ukungu.

Basi nikatangaza hali ya hatari.

Nilibandika karatasi ukutani: marufuku kuongea karibu na meza ya RNA. Marufuku kupiga chafya upande wangu wa chumba. Glavu kila dakika kumi. Nikamwaga kemikali zangu zote nikatengeneza mpya, nikatupa hata boksi za ncha za pipeti zilizokuwa bado na utepe. Kila kitu kilibadilishwa isipokuwa maji, kwa sababu maji niliyaandaa kwa mkono wangu. Nikatembea na chupa ya ethanoli kiunoni kama askari, kila nikipita napulizia: meza, vitasa, kiti, na mara moja, kwa bahati mbaya, sikio la mtu. Na kila nilipopulizia, bila shaka, HA nyingine zilikuwa zinakufa kimya kimya.

Nikarudia jaribio. Ukungu. Nikarudia tena. Ukungu. Nilikuwa natumia tyubu ile ile ya maji, maana mikrolita 300 kwa mara moja, mililita inatosha raundi tatu, na mimi sipendi ubadhirifu.

Mtuhumiwa wangu alikuwa kijana wa uzamili anayekaa kulia kwangu. Ana kipaji cha kuongea: anaongea na pipeti, anaongea na sentrifuji, anaimba akisubiri. Nilimwambia mate yake yanaruka hadi kwenye tyubu zangu. Akavaa barakoa. Nikamwambia avae mbili. Mama, aliyekuwa anapanga bika, alitikisa kichwa. "Mwanangu," akaniambia, "kikulacho ki nguoni mwako." Nikamkubalia sana. Nikamtazama kijana kwa jicho la pembeni, nikasogeza kiti changu mbali naye.

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyoweza kuwa na jibu mgongoni kwake. Wiki hiyo hiyo jirani yangu wa plasmidi, yule wa nyuma, alikuwa analia kilio cha kinyume. Tulikutana kwenye sinki.

"Kaka, RNA yangu haifi," akasema. "Natia RNasi, nasubiri, nikiangalia jeli, RNA imejaa chini kama gharika."

"Afadhali yako," nikamjibu. "Mimi yangu haikai hata saa moja."

"RNasi ya siku hizi feki."

"Na RNA ya siku hizi laini."

Tukapeana pole kwa moyo mmoja, tukakausha mikono, kila mtu akarudi mezani kwake. Watu wawili wenye shahada tano kati yetu.

Kijana wa barakoa mbili ndiye aliyenisitiri, au kuniumbua. Alichoka kushukiwa. Siku nimekwenda kulala alichukua RNA yake nzuri, akaigawa kwenye tyubu saba, kila moja akaichanganya na kitu kimoja kutoka meza yangu, hata mate yake mwenyewe akayatia kwenye moja, kwa haki. Akaziweka zote kwenye nyuzi 37 kwa saa nzima, kisha akaziendesha kwenye jeli. Asubuhi nikakuta picha imebandikwa juu ya tangazo langu la marufuku. Njia tano zilikuwa na mistari miwili safi. Ya mate ilikuwa imechakaa, kama ilivyotarajiwa. Ya saba ilikuwa jangwa. Chini yake aliandika: "Maji ya Kaka."

Nikabisha. Nikasema haiwezekani, uwiano wangu ulikuwa 2.0! Jirani wa plasmidi akaniuliza taratibu kama ile mashine si huwa inasomeshwa kwanza maji matupu, iyahesabu kuwa sifuri, ndipo ipime sampuli. Nikasema ndiyo. Akauliza niliisomesha maji gani. Nikanyamaza. Nilikuwa nimemwonyesha polisi sura ya mwizi nikamwambia, huyu usimhesabu. Na mashine ile hata hivyo hupima wingi tu. RNA nzima na RNA iliyosagwa kwake zote RNA.

Mama akaomba tyubu. Akavaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga. Chumba kizima kimya, hata kijana.

"Mwanangu," akasema, "INA hii nyeusi. HA ni ya bluu."

Tulikwenda kwenye friza kwa pamoja, kama msafara wa mazishi. HA za bluu zilikuwa 13 pale, na ile ya 14 mkononi mwa Mama. Nane kati yao zilizaliwa maji, sita zilizaliwa RNasi, na hakuna binadamu aliyeweza kuzitofautisha. Kwenye meza ya plasmidi tukakuta tyubu moja ya INA nyeusi tupu, isiyo na bluu. Ukiipulizia pumzi na kuinamisha kwenye taa, kushoto kulikuwa na kivuli cha herufi mbili. Jirani yangu alikuwa anaua RNA kwa maji safi kabisa ya kuitunzia.

Tukatupa zote. Kwenye kikao cha wiki ilinibidi nisimame nieleze. Nilipomaliza, Profesa alikaa muda, akavua miwani, akasema, "Kwa hiyo siku zote hizi tatizo letu halikuwa la baiolojia. Lilikuwa la sarufi." Akamwambia Mama aagize mashine ya kuchapa lebo zisizofutika kwa ethanoli, na vifuniko vyekundu kwa kila chenye RNasi. Mimi nikapewa kazi ya kuvua matangazo yangu ukutani na kumwomba radhi kijana. Nilimwomba. Aliimba siku nzima.

Mashine ilipofika, wakaniambia nipumzike, wataijaribu wao. Nikarudia jaribio langu kwa maji mapya. Jioni nikawasha taa ya jeli na kuona mistari 20, miwili kwa kila njia, mikali kama imechorwa kwa rula. Nikapiga kelele: "Ha!" Maabara nzima ikaangua kicheko, tena kirefu kuliko furaha yenyewe ilivyostahili. Nami nikacheka nao. Nikashuka ngazi nacheka, nikasalimia watu wa jengo zima, nikaingia kwenye semina nikakaa mstari wa mbele.

Nilipofika nyumbani na kuvua koti la maabara, ndipo nilipoikuta, imebandikwa mgongoni katikati, nyeusi kwenye nyeupe, imechapwa vizuri, na haifutiki kwa ethanoli: INA RNasi.