Besiboli na Tumaini la Wanaopoteza

Hapa Nairobi ukisema unapenda besiboli, watu huuliza uliishi Marekani miaka mingapi. Sijaishi. Mapenzi haya yameota hapa hapa, kwa simu na bando la usiku, na wenzangu kanisani hunitania kwamba nimeiacha Gor Mahia nikafuata watu wanaosimama uwanjani saa tatu nzima wakitema maganda ya alizeti. Wacheke tu. Mchezo huo umenifundisha tumaini la Kikristo kuliko mahubiri mengi ninayoyasikia mjini humu.

Tazama hesabu zake. Katika ligi kuu ya Marekani kila timu hucheza mechi 162 za msimu wa kawaida, karibu kila siku, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Timu ikishinda 100 husifiwa sana, na bado imepoteza 62. Mpigaji anayefaulu kuupiga mpira kwa gongo na kufika kituo salama mara tatu katika kumi ni nyota. Ted Williams wa Boston alimaliza msimu wa 1941 akiwa na wastani wa .406, yaani mafanikio 406 katika kila majaribio 1,000, na hadi leo msimu huo hutajwa kwa heshima. Yaani alishindwa karibu mara sita katika kila kumi!

Sasa tembea Jogoo Road usome mabango ya mikutano ya injili. Mwaka wa ushindi, mwezi wa kuvuka, wiki ya kupenya. Muumini aliyeachishwa kazi mwezi huo wa kuvuka hujificha, kwa maana maisha yake hayalingani na bango. Lakini Mithali 24:16 haikusema kwamba mwenye haki haanguki. Inasema huanguka mara saba, akaondoka tena. Anayehesabiwa maanguko hapo ni mwenye haki mwenyewe, si mzembe wala asiye na imani.

Mechi zinazochezwa jioni kule pwani ya mashariki ya Marekani huanza kwetu mnamo saa nane usiku, saa za kesha. Mara nyingi sikeshi kuzitazama. Napata matokeo alfajiri, kabla ya kukimbilia matatu. Shabiki wa kandanda akifungwa Jumamosi hubeba uchungu wiki nzima. Mimi nikipoteza leo, usiku kuna mechi nyingine. Ndipo nilipoanza kulisoma upya lile neno la Maombolezo, kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi. Tunaliimba kana kwamba liliandikwa siku ya sherehe. Liliandikwa Yerusalemu ikiwa magofu.

Chicago Cubs walitwaa ubingwa mwaka 1908, kisha wakangoja hadi 2016. Mechi ya mwisho, kule Cleveland, ilisimamishwa kwa mvua na kuisha kwetu karibu saa mbili asubuhi. Mashabiki wangapi walizikwa kabla ya siku hiyo? Waebrania 11 inawazungumzia watu wa namna hiyo, waliokufa katika imani wasijazipokea ahadi. (Sidai Mungu alikuwa upande wa Chicago. Cleveland nao walikuwa wakingoja tangu 1948.)

Lakini kisa ninachokirudia kila mara ni cha tarehe 2 Juni 2010, Detroit. Armando Galarraga, kijana wa Venezuela, mrushaji (yaani anayewarushia wapigaji mpira), alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza, kile ambacho mpigaji hukikimbilia akishapiga mpira. Akimtoa wa 27, ambaye ndiye wa mwisho, angekuwa ametimiza mchezo kamili, jambo lililokuwa limetokea mara 20 tu tangu 1880. Wa 27 akapiga mpira wa chini, Galarraga akakimbilia kituo, akapokea pasi, akamwahi mpigaji kabla hajakigusa. Mwamuzi Jim Joyce akanyoosha mikono: yuko salama. Uwanja mzima uliona amekosea. Galarraga akatabasamu, akarudi mahali pake, akamtoa aliyefuata.

Joyce alipoitazama video alikiri waziwazi, akamwomba msamaha ana kwa ana huku akilia. Kesho yake walikutana tena uwanjani, na Galarraga ndiye aliyetumwa kumkabidhi orodha ya wachezaji. Joyce akafuta machozi mbele ya watu wote. Sijui mahubiri ya upatanisho yanayoshinda hayo.

Hata hivyo kuna mahali besiboli inakomea. Kamishna wa ligi hakuubadilisha uamuzi ule. Wawili hao walisameheana, ila kitabu cha takwimu bado kinasema mpigaji alifika salama, na kitaendelea kusema hivyo. Mchezo huu hausahau kitu. Hata makosa ya mchezaji huwekewa safu yake kwenye ubao wa matokeo. Paulo anawaambia Wakolosai kwamba ile hati ya kutushitaki imefutwa, ikagongomewa msalabani. Ligi haina uwezo huo, na sisi tulio nao kwa neema tunakwenda kuficha hasara zetu ndani ya nyumba ya Bwana.

Ombi langu kwa wachungaji wa mji huu ni dogo. Kile kipindi cha ushuhuda Jumapili, msikiache kwa walionunua gari peke yao. Asimame mtu aseme, "Bwana asifiwe, duka langu limefungwa," nasi tuitikie "Amina" kabla ya yeyote kumuuliza alikosea wapi.