Nehalennia: tuanze na nadhiri, ngano zingoje

Wanaoandika habari za Nehalennia, mungu wa kike wa enzi za Warumi, siku hizi humpa kila cheo: mama wa Bahari ya Kaskazini, mwongozaji wa wafu, mungu wa uzazi. Hakuna utenzi wala kisa chake cha kale kilichotufikia. Kilichopo ni mawe ya nadhiri, yaani madhabahu zilizochongwa maandishi na watu waliotimiza ahadi zao kwake. Nashikilia kwamba mawe hayo yanatosha, na kwamba tunamdhulumu tunapomvika ngano zilizotungwa majuzi.

Ya kwanza yaliibuka Januari 1647, dhoruba ilipofukua mchanga wa ufuko wa Domburg, Zeeland, nchini Uholanzi. Yaliwekwa kanisani, na mwaka 1848 radi ikaliunguza kanisa lile, mengi yakaharibika. Kisha mwaka 1970 nyavu za mvuvi zikanasa vipande vya madhabahu katika Oosterschelde, mkono wa bahari huko huko Zeeland, karibu na Colijnsplaat, na uopoaji uliofuata ukaleta zaidi ya mia moja. Bila ajali ile ya wavu tungekuwa tunabishana juu ya masalia ya moto.

Maandishi yenyewe, ya Kilatini, yana mpangilio ambao haubadiliki sana. Juu kabisa ni DEAE NEHALENNIAE, yaani "kwa mungu wa kike Nehalennia". Wengi hukosea hapo hapo: ile -AE ya mwishoni huonyesha anayepewa, si sehemu ya jina. Linafuata jina la mtoaji, pengine kazi yake au mji wake, kisha sababu. Mwisho ni V S L M, kifupi cha votum solvit libens merito: ameondoa nadhiri kwa hiari, kama inavyostahili. Atakayezisahau herufi hizo nne atadhani jiwe ni ombi. Sivyo. Ombi lilishatangulia, likajibiwa, na jiwe ndilo malipo.

Makosa mengine hutoka kwa mchongaji na kwa maji. Mchongaji aliyebanwa na nafasi huunganisha herufi mbili au tatu katika umbo moja, na msomaji mgeni akaruka moja. Maji ya chumvi nayo hulainisha kingo za herufi, kwa hiyo taa ya mbele haisaidii. Imulike kutoka ubavuni, karibu ilale juu ya uso wa jiwe, kisha uihamishe upande wa juu au wa chini wa jiwe, kwa sababu mistari iliyo sambamba na mwanga hupotea. Unaponakili, weka ndani ya mabano ya mviringo herufi ulizokamilisha kwenye kifupisho, na ndani ya mabano ya mraba zile zilizomeguka. Ukiyachanganya, anayekufuata atachukua dhana yako kuwa ni maandishi.

Sasa tazama walichokitaka watu hawa. Marcus Secundinius Silvanus, mfanyabiashara wa vyombo vya udongo aliyesafirisha bidhaa Uingereza, alitoa jiwe ob merces recte conservatas, kwa kuwa shehena yake ilifika salama. Marcus Exgingius Agricola, raia wa Trier, aliuza chumvi Cologne. Wengine waliuza mchuzi wa samaki, wengine divai. Mto Rhine uliwashusha hadi mlangoni mwa bahari, na hapo ndipo walipoweka nadhiri kabla ya kuvuka. Mawe yenye tarehe ni ya kati ya miaka 188 na 227 baada ya Kristo.

Na mbwa je? Hukaa ubavuni pake, akimtazama, pamoja na kapu la matunda; mara nyingine mguu wa mungu umekanyaga omo, yaani sehemu ya mbele, ya chombo cha baharini. Wanaomfanya mbwa huyo kiongozi wa wafu hawana neno hata moja la kuwaunga mkono kwenye mawe. Kapu la matunda ni picha ya kawaida ya eneo zima: akina Matronae, miungu mama wa Rhineland, nao hulipakata. Omo ndiyo inayoafikiana na maandishi, na ndiyo ningeipa uzito.

Mengi ya Colijnsplaat yapo Leiden, kwenye Rijksmuseum van Oudheden, makumbusho ya taifa ya vitu vya kale. Anayeanza achukue mawe mawili ya Silvanus, moja la Domburg na jingine la Colijnsplaat, ayasome sambamba neno kwa neno.