Kinyago cha Watoto Tu

Mimi ni Mpare, na watani zangu wakisikia neno "bure" hugeuka kunitazama. Kwa hiyo sifichi kitu: Jumamosi ile tulikwenda makumbusho kwa sababu kiingilio kilikuwa bure. Jina la makumbusho silitaji. Walinitendea wema, na kosa lilikuwa la kichwa changu, kwa maana zote mbili za kichwa.

Ilikuwa siku ya familia kwenye makumbusho moja ya sanaa za jadi hapa Dar es Salaam. Huku kina mama wanasuka ukili, kule mfinyanzi anahangaika na watoto waliojipaka udongo mpaka kwenye kope, na chini ya mwembe imepangwa meza ndefu ya kujifunza kuchora Tingatinga, makopo ya rangi ya mafuta yako wazi. Saa kumi jioni ingepigwa ngoma ya mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde.

Nilikuwa na mke wangu, wanetu wawili, na mama mkwe. Mama ni Mmakonde wa Mueda, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Alivushwa na wazazi wake akiwa msichana mdogo, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza 1964. Tangu nimuoe binti yake, mwaka wa kumi na moja huu, sijawahi kukaa naye mkeka mmoja. Nikimpelekea chai, naiweka juu ya stuli kisha narudi kinyumenyume kama ninayetoka kwa chifu. Siku hiyo niliona ndiyo nafasi ya kumwonyesha kwamba binti yake aliolewa na msomi.

Basi nikawa natangulia kwenye kila kibao cha maelezo, nasoma harakaharaka, halafu Mama akifika namwaga elimu.

"Mama, huyu Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru. Alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za kupaka baiskeli. Alifariki 1972. Miaka minne tu, lakini jina lake ndilo limekuwa jina la sanaa yenyewe!"

"Ehe," akasema Mama.

"Na vinyago hivi, Mama, ni mpingo. Mti mzito huu, ukiutupa majini unazama."

"Ehe."

Mke wangu akanifinya mkono. Nikadhani anajivunia mume.

Tukafika kwenye meza ya mapiko. Palikuwa na kinyago kimoja kilichowekwa nje ya kioo ili watu wakijaribu. Kilikuwa na nywele, chale usoni, na pambo la ndonya kwenye mdomo wa juu. Hapo nikakohoa kidogo kusafisha koo.

"Hiki, Mama, kinaitwa lipiko. Hakichongwi kwa mpingo, wanatafuta mti mwepesi, maana kinavaliwa kichwa kizima. Anayecheza haoni kwa macho ya kinyago, anachungulia mdomoni. Mwili wote anajifunika nguo asijulikane. Zamani wanawake na watoto hawakutakiwa kumjua aliyemo ndani. Waliambiwa ni mzimu."

Fikiria namweleza nani! Mwanamke ambaye utotoni mwake, Mueda, lipiko akitokea, alikimbilia ndani na mama zake.

"Nani alikwambia?" akaniuliza taratibu.

"Imeandikwa, Mama."

"Ehe."

Sasa, kibao kimoja sikukisoma. Kilibandikwa chini, usawa wa magoti, na kilisema: KINYAGO CHA WATOTO TU.

Kuingia, kiliingia. Nilisikia masikio yakilala, tap, tap, nikajua kazi imekamilika. Kutoka ndipo nilipojifunza anachojifunza samaki aliyeingia dema. Nikivuta, masikio yanasimama. Nikizungusha, pua inakataa. Nje nikamsikia mwanangu wa mwisho akitangaza kwa furaha, "Baba amekwama! Baba amekwama!"

Na ngoma ikaanza kupigwa.

Sijui ni nani aliyenisukuma uwanjani. Najua tu kwamba mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti na hakuwa na subira. "Lipiko huyooo! Leo mzimu umekuja na jezi ya Yanga!" Vigelegele. Ningefanya nini? Nikatikisa mabega. Kupitia ule mdomo nilikuwa naona kipande cha ardhi kisichozidi sinia, na vidole vyangu vya miguu vikipita na kurudi. Kwenye mapiko ngoma hukatika ghafla, na mchezaji naye hukatika hapohapo, kimya, kama kigogo. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa. Lakini kusoma na kutenda ni majirani wasiosalimiana: ngoma ilikatika, mimi nikaendelea hatua sita peke yangu, kinyumenyume, nikaikalia meza ya Tingatinga.

Nilikalia twiga mbichi wa mtoto wa watu. Mtoto akaangua kilio. Nikageuka kumwomba radhi, mguu ukanasa kwenye mkeka, nikaanguka kifudifudi kwenye kitu laini.

Nikachungulia mdomoni. Nikaona kitenge. Kitenge hicho nakijua, nilikinunua mwenyewe Krismasi iliyopita, nikapunguziwa elfu mbili.

Kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja ya mama mkwe.

Uwanja mzima ukanyamaza. Hata yule mtoto wa twiga alinyamaza.

Mzee mmoja wa kikundi cha ngoma ndiye aliyenivuta pembeni, huku akicheka mpaka anashika ukuta. Mama lishe wa chapati akaleta chupa ya mafuta, wakanimiminia kwa kupitia mdomo wa kinyago, mmoja akavuta juu, wawili wakanikalia. Kinyago kilitoka kizima. Masikio yangu yalitoka pia, lakini si kama yalivyoingia. Wafanyakazi wakanipa tapentaini ya kusafishia suruali; ikaondoa shingo ya twiga, mwili ukabaki.

Kwenye daladala hakuna aliyesema neno. Konda alinusa, akauliza nani amebeba chapati.

Usiku nikajipa moyo. Nikapeleka chai, nikaiweka juu ya stuli, ila safari hii sikurudi nyuma. Nikachuchumaa mbali kidogo, macho chini.

"Mama, naomba radhi kwa yale ya leo."

"Yapi?"

"Pale... nilipokuangukia."

Akakoroga chai yake muda mrefu, wakati sukari alikwisha kuikoroga.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi nimeangukiwa na lipiko. Na mimi ni mwanamke. Aliyemo ndani simjui."

Nikainua macho. Alikuwa anatazama ukutani, midomo ameibana, mabega yanamtikisika.

"Imeandikwa," akasema.